Wasomaji Wauliza: Karibi Zaidi ya Ufukwe

Barua za toleo hili ni za Karibi tupu. Waliouliza bei za tiketi watuwie radhi: bei ya leo siyo ya wiki ijayo. Mengine tumeyajibu hapa chini, na barua ya mwalimu wa historia tumeipa nafasi kubwa kuliko zote kwa kuwa ndiyo iliyotugusa.

SWALI: Nina siku 14 na nimeorodhesha visiwa saba. Nipangieni njia nisipoteze hata siku moja. – J.M.

JIBU: Orodha hiyo ikate, ubaki na viwili, vitatu kama wewe ni mtu usiyechoka upesi. Ramani inadanganya. Visiwa vimejipanga kama shanga, lakini ndege za kati yake ni ndogo, haziruki kila saa, na mara nyingi hukupitisha kisiwa cha tatu kabla ya kukufikisha unakokwenda. Ukijumlisha kufunga mizigo, kuwahi uwanjani, ndege kuchelewa, foleni ya uhamiaji na teksi ya upande wa pili, kila kuhama kunakula sehemu kubwa ya siku. Visiwa saba maana yake ni kuhama mara sita. Utarudi ukiwa umevijua viwanja vya ndege vizuri sana.

Njia tunayoipenda ni ya majini. Boti za L'Express des Îles zinaunganisha Guadeloupe, Dominica, Martinique na Saint Lucia, visiwa vinne vinavyofuatana. Haziendi kila siku, kwa hiyo anza na ratiba ya boti, ndipo ulipie vyumba. Wengi hufanya kinyume, kisha wanagundua kwamba boti ya Jumanne haipo na chumba cha Jumanne hakirudishiwi fedha. Ukitoka nje ya kivuli cha kisiwa, mawimbi ya Atlantiki hupiga boti ubavuni. Kidonge cha kichefuchefu meza kabla ya kupanda, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ukishaanza kutapika hakina kazi. Kaa sitaha ya chini, katikati ya chombo, na macho yawe mbali baharini, siyo kwenye simu.

Angalia pia majina. Dominica ni kisiwa cha milima kinachozungumza Kiingereza, mji mkuu Roseau. Jamhuri ya Dominika inazungumza Kihispania, mji mkuu Santo Domingo, na imegawana kisiwa na Haiti. Kwenye tiketi, herufi DOM ni za uwanja wa Dominica, hata kama jina linakutuma kwingine. Santo Domingo ni SDQ. Saint Lucia nako kuna viwanja viwili: UVF uko kusini kabisa, SLU uko Castries kaskazini, na kati yake kuna zaidi ya saa nzima ya barabara ya kona. Ukishukia kusini na hoteli yako iko kaskazini, teksi itakukumbusha kosa hilo.

SWALI: Visiwa kadhaa havinidai viza. Mbona wakala anasema bila viza ya Marekani siendi popote? – Bi. S.

JIBU: Wakala yuko sahihi ikiwa tiketi inapita Miami au New York. Marekani hakuna kubadilisha ndege bila kupita uhamiaji. Hata kwa saa mbili unadaiwa viza, kama huna uraia wa nchi iliyosamehewa. Uingereza na nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, zina orodha zao za wanaodaiwa viza ya kupita uwanjani. Kwa hiyo isome tiketi kituo kwa kituo kabla hujalipa. Ukikwama, utakwama kwenye kaunta ya shirika la ndege siku ya kuondoka, kabla hujaiona bahari.

Martinique na Guadeloupe ni sehemu ya Ufaransa na zinatumia yuro, lakini haziko ndani ya eneo la Schengen. Viza ya Schengen ya kawaida haitoshi. Ombi lako liseme wazi kwamba unakwenda mikoa ya ng'ambo ya Ufaransa. Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani vinafuata viza ya Marekani.

Anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano abebe cheti cha chanjo, nayo chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia. Tiketi ya kurudi na anwani ya mahali pa kulala viwe vimechapwa kwenye karatasi, maana simu huzimika palepale dirishani. Jamaica, Barbados, Jamhuri ya Dominika na Curaçao zina fomu za kuingia zinazojazwa mtandaoni, na tovuti za serikali hazitozi kitu. Ukiona ukurasa unaodai ada ya kadi ya benki kwa fomu hiyo, umeingia kwa matapeli.

SWALI: Msimu wa vimbunga ni lini hasa, na je, bei zikishuka Septemba nisichukue? – Mpenda nafuu

JIBU: Rasmi ni Juni 1 hadi Novemba 30, na ukali wenyewe ni katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba. Lakini kalenda siyo ngao. Kimbunga Beryl kiliipiga Carriacou, kisiwa cha Grenada, Julai 1, 2024, na Melissa ikaipiga magharibi ya Jamaica mwisho wa Oktoba 2025. Kama lazima uende Septemba, nenda Curaçao, Aruba au Bonaire, zilizo kusini ya njia ya kawaida ya vimbunga. Bima nunua siku ileile unayolipia tiketi: kimbunga kikishapewa jina, kampuni nyingi hukihesabu kuwa jambo lililojulikana, na madai yako hayalipwi.

Kuna adui mwingine asiyetajwa kwenye matangazo, nao ni mwani wa kahawia uitwao sargasamu. Tangu 2011 umekuwa ukitupwa pwani kwa matani, hasa kuanzia masika ya kaskazini hadi mwisho wa kiangazi, na hasa fukwe zinazotazama Atlantiki, yaani mashariki. Ukioza hutoa harufu ya mayai viza. Usilale karibu nao ikiwa una pumu. Hoteli ya pwani ya magharibi mara nyingi huwa salama, na maji ya magharibi pia ni matulivu kwa kuogelea.

Anayefuata karnivali ya Trinidad akumbuke kwamba ni Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, kwa hiyo tarehe huhama kila mwaka. Inaanza giza la Jumatatu, mnamo saa 10 alfajiri, kwa watu kupakana matope na rangi. Vaa nguo unayoweza kuitupa.

SWALI: Nafundisha historia. Nimeona picha za mabaki ya mashamba ya miwa na kwangu ni mawe tu. Nikifika, nitazame nini? – Mwalimu

JIBU: Mwalimu, hayo mawe yanasomeka, tena kirahisi kuliko ngome. Ngome itakuonyesha wakoloni waliogopa nani. Kiwanda cha sukari kitakuonyesha walikuja kutafuta nini.

Anzia kwenye mnara wa kinu cha upepo cha kukamulia miwa. Betty's Hope, Antigua, ni mahali pazuri pa kujifunzia: kuna minara miwili ya mawe, na mmoja ulikarabatiwa. Mnara umejengwa juu ya mwinuko, kwa sababu upepo wa mashariki huvuma karibu mwaka mzima na haupaswi kuzuiwa. Ndani palikuwa na roli tatu za kusimama. Muwa uliingizwa kati ya roli ya kwanza na ya kati, mtu wa upande wa pili akaupokea na kuurudisha kati ya ya kati na ya tatu. Roli hazikuwa na namna ya kusimama ghafla. Mtumwa aliyeshikwa vidole alivutwa mkono mzima, ndiyo maana katika vinu vingi shoka liliwekwa karibu, la kukata mkono kabla mwili haujafuata. Zamu za usiku ndizo zilizoumiza wengi. Wakati wa mavuno, kuanzia Januari hadi kiasi cha Juni, kinu kilisaga usiku na mchana, kwa kuwa muwa ukishakatwa huchacha ndani ya siku moja au mbili.

Sasa shuka mteremko. Maji ya miwa yalitiririka kwa mfereji hadi nyumba ya kuchemshia, ndiyo maana nyumba hiyo iko chini ya kinu. Itafute kwa ukuta wake mnene. Ndani palikuwa na safu ya masufuria ya shaba, manne au matano, kutoka kubwa hadi dogo. La kwanza lilitiwa chokaa kidogo ili uchafu upande juu na kuenguliwa. Kisha maji yakahamishwa kwa upawa wa mpini mrefu kutoka sufuria hadi sufuria, yakizidi kuwa mazito, hadi lile dogo la mwisho, ambapo sukari hushika. Dakika chache zaidi, imeungua. Chache pungufu, haigandi. Aliyeamua dakika hiyo alikuwa mtumwa fundi, akipima kwa kuvuta uzi wa sukari kati ya kidole gumba na cha shahada.

Zunguka nje ya ukuta huohuo. Ukiona safu ya matundu ya moto, moja kwa kila sufuria, huo ni mfumo wa zamani uliokula kuni mpaka misitu ikaisha. Ukiona tundu moja na dohani upande wa pili, ni mfumo wa baadaye: moto mmoja, joto likipita chini ya masufuria yote, na kuni zake ni makapi ya miwa yaliyokaushwa. Tundu hilo moja linakuambia kwamba kisiwa kilikuwa kimeshakatwa miti.

Jengo la tatu ni la kukaushia. Sukari iliwekwa kwenye vyungu au mapipa yenye matundu chini, molasi ikachuruzika kwa wiki kadhaa. Molasi ikachachushwa na kukenekwa, ikawa ramu. Hakuna kilichotupwa isipokuwa watu.

Kisha simama ujiulize kinachokosekana. Nyumba ya bwana iko juu, upande upepo unakotokea, moshi usimfikie. Nyumba za watumwa zilikuwa upande wa chini, za miti na udongo na majani, na zimeoza zote. Ndiyo maana watalii hupiga picha ya nyumba ya bwana na kuondoka. Barbados, mahali paitwapo Newton, kuna kiwanja cha maziko cha watu wapatao 570 waliokuwa watumwa. Hakuna mawe ya makaburi, ni majani na mwinuko kidogo tu. Mwalimu, hapo nenda. Kuba nako, katika bonde la viwanda vya sukari karibu na mji wa Trinidad, upo mnara wa Manaca Iznaga, wa mita kama 45. Kengele yake ilitangaza saa za kazi, na kutoka juu walisimamiwa waliokuwa mashambani. Panda, utazame ni umbali gani jicho moja linaweza kulinda.

Ukiweza kuchagua tarehe, chagua kumbukumbu ya ukombozi, kwani siku hiyo makumbusho na viwanja hujaa wenyeji badala ya watalii. Visiwa vilivyokuwa vya Uingereza vingi ni Agosti 1: mwaka 1834 sheria ilianza kazi, lakini wengi walilazimishwa kuendelea na kazi ya bure kwa jina la uanagenzi hadi Agosti 1, 1838. Martinique ni Mei 22 na Guadeloupe Mei 27, za mwaka 1848. Wafaransa walikuwa wameshaufuta utumwa 1794, Napoleon akaurudisha 1802. Curaçao na visiwa vingine vya Waholanzi ni Julai 1, 1863. Kuba ilingoja hadi 1886.

SWALI: Ni wapi nitaona mahali ambapo watumwa walishinda? Nimesikia ngome ya Haiti. – Kijana wa kidato cha sita

JIBU: Haiti ndiyo jibu la kwanza, na ndiyo tunayokuomba usiende kwa sasa. Ngome ya Citadelle, iliyoanza kujengwa 1805 chini ya Henri Christophe juu ya mlima karibu na Milot, ipo imesimama, lakini magenge yenye silaha yameifanya nchi isiwe ya matembezi.

Nenda Jamaica, kwa watoro. Wenyeji huwaita Maroon, lakini neno letu la zamani linawatosha: waliotoroka mashamba wakajenga vijiji vyao milimani. Kijiji chao cha Accompong kiko katika vilima vya chokaa vya Cockpit Country, mashimo na vichuguu vikubwa ambamo jeshi la Uingereza lilipoteza njia na watu. Kiongozi wao Cudjoe aliwalazimisha Waingereza kutia saini mkataba mwaka 1739: ardhi na uhuru. Usimalizie hapo, kijana. Mkataba huohuo uliwataka watoro kuwarudisha watumwa wapya wanaotoroka. Ushindi ulikuja na sharti hilo, na wenyeji wenyewe watakueleza bila kuficha.

Sherehe yao ni Januari 6 kila mwaka, chini ya mwembe mkubwa uitwao Kindah. Siku hiyo barabara nyembamba ya kupanda kijijini hufungana magari, kwa hiyo lala jirani usiku wa kuamkia. Siku nyingine yoyote, ukifika jitambulishe kwanza na uombe mwongozaji wa kijiji. Usizunguke na kamera kana kwamba ni mbuga. Uliza pia hali ya barabara, maana upande huo wa Jamaica ndio uliopigwa na Melissa.

Saint Vincent ina habari nyingine, ya Wagarifuna, uzao wa Waafrika na wenyeji wa kisiwa. Chifu wao Joseph Chatoyer aliuawa Machi 14, 1795, na siku hiyo sasa ni sikukuu ya taifa. Waingereza waliwafungia watu wake kwenye kisiwa kikavu cha Baliceaux, wengi wakafa, na 1797 waliobaki wakapelekwa Roatán, pwani ya Honduras.

SWALI: Ziwa linalochemka la Dominica, mtu wa kawaida analiweza? – F. na mumewe

JIBU: Anayeweza kupanda ngazi kwa saa sita analiweza. Njia huanzia Titou Gorge, karibu na kijiji cha Laudat, na kwenda na kurudi huchukua saa sita au saba. Anzeni saa 1 asubuhi. Wanaoanza saa 4 hushuka na mvua na giza. Chukueni mwongozaji bila ubishi. Baada ya kilima cha kati mnaingia Bonde la Ukiwa, ambako mvuke na maji moto hutoka ardhini, na ganda la juu katika sehemu nyingine ni jembamba kiasi cha kuvunjika chini ya mguu. Mtaalamu hukanyaga alipokanyaga jana.

Maji kila mtu lita 2, chakula cha chumvi, viatu vya kushika matope, na nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Pete na mkufu wa fedha acheni hotelini, gesi ya kiberiti huugeuza mweusi. Ziwa lenyewe ni la kijivu, lina mvuke, na kando yake maji hufika nyuzi 80 na kitu hadi 90 za Selsiasi. Siku nyingine mvuke hulifunika lote, mkaketi dakika ishirini mkisubiri upepo. Hilo hutokea, na mwongozaji hana la kufanya.

Mkivuka kwenda Martinique, tengeni nusu siku kwa Saint-Pierre. Mei 8, 1902, mlima Pelée uliuangamiza mji huo kwa dakika chache, watu wapatao 28,000. Haikuwa lava, ambayo mtu anaweza kuikimbia; lilikuwa wingu la gesi na majivu ya moto lililoshuka mlimani kwa kasi. Chumba cha mawe kilichomwokoa mfungwa mmoja bado kipo, hatua chache kutoka magofu ya ukumbi wa maonyesho.

SWALI: Dereva aliniambia "dola 80", nikalipa. Baadaye wenzangu wakacheka. Kwa nini? – Aliyechekwa

JIBU: Kwa sababu hukuuliza dola zipi. Antigua, Dominica, Grenada, Saint Lucia, Saint Vincent, Saint Kitts na Nevis, Anguilla na Montserrat zinatumia dola ya Karibi ya Mashariki, na tangu 1976 dola moja ya Marekani ni 2.70 za kwao. Dola 80 za kwao ni kama 30 za Marekani. Kabla ya kuingia garini uliza bei, uliza ni dola ya wapi, na uliza kama ni ya gari zima au ya kila kichwa. Barbados ina dola yake, 2 kwa 1 ya Marekani. Jamaica dola yake hupanda na kushuka, na huko panda teksi yenye namba nyekundu, ndiyo iliyosajiliwa kubeba abiria. Ukilipa kwa dola za Marekani, chenji hurudi kwa fedha za kisiwa, kwa hiyo beba noti ndogo.

SWALI: Kitu gani watalii hukosea ambacho vitabu havisemi? – Wengi

JIBU: Kwanza nguo za mabaka ya kijeshi. Barbados, Jamaica, Saint Lucia na visiwa vingine kadhaa zimepigwa marufuku kwa raia, na kofia ya mtoto pia inahesabika.

Pili, mti wa manchinili. Huota kandokando ya fukwe, majani yake yanang'aa, na tunda lake la kijani kibichi linafanana na tufaha dogo, tena linanukia vizuri. Utomvu wake mweupe huchubua ngozi na kuumiza macho. Mvua ikinyesha watu hukimbilia chini yake, na matone yanayopita kwenye majani huwashukia na utomvu. Mwingi hutiwa alama nyekundu shinani au kibao, lakini siyo wote. Usiuegemee, usiwashe moto kwa kuni zake, maana moshi nao huumiza, na waambie watoto wasiokote matunda mchangani. Ukiguswa, osha mara moja kwa maji mengi na sabuni. Utomvu ukiingia jichoni, au mtu akiuma tunda, nendeni hospitali moja kwa moja mkiwa na picha ya jani na tunda kwenye simu.